Mkesha wa Krismasi na familia ya Wrocław

Kwa Wapolandi, kilele cha Noeli si tarehe 25 Desemba bali ni jioni ya tarehe 24, ambayo wao huiita Wigilia. Mwaliko wa jioni hiyo hautolewi ovyo, kwa kuwa ndiyo saa ambayo ukoo hukutana na milango ya maduka huwa imefungwa. Kuanzia 2025 sheria imeifanya kuwa siku ya mapumziko nchi nzima. Mimi niliupata mwaliko huo nikiwa safarini Ulaya, kupitia rafiki niliyesoma naye, mzaliwa wa Wrocław, jiji la kusini-magharibi mwa Poland lililo kando ya mto Odra. Aliposikia kwamba nimepanga kukaa hotelini sikukuu yote, alimpigia mama yake simu palepale, na kabla hajamaliza kueleza mama alikuwa ameshauliza kama mgeni anakula samaki.

Nimekuwa mgeni katika nyumba nyingi, na kwetu Meru, Tanzania, tunajihesabu kuwa watu wakarimu. Hata hivyo tuna mazoea ya kumkalisha mgeni sebuleni, kumwekea soda na televisheni, kisha kumwacha humo hadi chakula kiive. Familia ile haikunikalisha. Ilinipa nafasi ndani ya sikukuu yao pamoja na kazi zake, na ninaamini kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi anayoweza kupewa mtu aliye mbali na kwao siku kama hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi wa nyumba ile alinipa langu asubuhi ya tarehe 24, kabla sijamaliza chai. Alikuwa amepita miaka themanini, na nilielekezwa kumwita Babcia kama wajukuu wake wote wanavyomwita. Alinifunga aproni, akaniketisha mbele ya ubao ulionyunyiziwa unga, akanifundisha kutengeneza uszka, yaani vifurushi vidogo vya unga wa ngano vinavyojazwa uyoga na kuliwa ndani ya supu nyekundu ya bitiruti. Uyoga wenyewe ni wa msituni, ulikuwa umeokotwa miezi michache kabla na kukaushwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo ulilowekwa hadi maji yake yakawa kahawia iliyokolea. Unasukuma donge la unga hadi liwe jembamba, unakata vipande vya mraba, unaweka uyoga uliosagwa na kitunguu katikati, unakunja upate pembetatu, unabana kingo, kisha unazungusha pembe mbili kwenye ncha ya kidole na kuziunganisha. Babcia alimaliza vitatu kwa kila kimoja changu, wala hakuniharakisha. Alichukua kila nilichomaliza, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakipanga kwenye kitambaa katikati ya vyake, bila kuvitenga.

Kwa desturi, meza ya Wigilia huwa na vyakula kumi na viwili kwa kuwakumbuka Mitume, na nyama haionekani hadi kesho yake. Kulikuwa na samaki aina ya heringi katika mafuta na vitunguu, kabichi iliyopikwa na njegere kavu, pierogi (vifurushi vya unga) za kabichi na uyoga, kinywaji cha matunda yaliyokaushwa kwa moshi, na karpu wa kukaanga. Karpu ni samaki wa maji baridi anayefugwa kwenye mabwawa, na zamani familia nyingi zilimnunua akiwa hai na kumhifadhi ndani ya bafu hadi siku ya kupikwa. Mama wa rafiki yangu anakumbuka alivyolia utotoni kila samaki huyo alipotolewa majini.

Chakula nilichokipenda kuliko vyote ni kutia, ambayo ni ngano nzima iliyochemshwa na kuchanganywa na mbegu za popi zilizosagwa, asali, jozi na zabibu kavu. Si kila nyumba nchini Poland huipika. Ni chakula cha watu wa mashariki, na kuwapo kwake katika jiji la magharibi kuna historia nzito. Hadi 1945 Wrocław lilikuwa jiji la Ujerumani lililoitwa Breslau. Vita vilipokwisha, mipaka ya Poland ilisogezwa kuelekea magharibi, Wajerumani wakaondolewa, na nyumba zao zikachukuliwa na Wapolandi, wakiwemo wengi waliotoka maeneo yaliyobaki mikononi mwa Umoja wa Kisovieti, kama vile Lwów, ambao leo ni mji wa Lviv nchini Ukraine. Babcia aliletwa kutoka huko akiwa mtoto wa kubebwa, ndani ya behewa la mizigo, na mama yake alipofika alichokuwa nacho ni watoto, godoro, na namna ya kupika kutia.

Jua la Desemba huko hutua kabla ya saa kumi alasiri, na mtoto mdogo kuliko wote alikuwa amepewa jukumu la kukaa dirishani kuitafuta nyota ya kwanza, kwa kuwa hakuna anayeketi mezani kabla haijaonekana. Alipopiga kelele, taa zilipunguzwa, sote tukasimama kuizunguka meza. Chini ya kitambaa cheupe palikuwa na nyasi kavu kwa kukumbuka hori la ng'ombe la Bethlehemu, na ukiweka mkono juu yake ulizihisi. Baba alisoma sura ya pili ya Injili ya Luka, maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa, maana nimeyasikia kila Krismasi tangu nipate akili.

Kisha ukaja opłatek, mkate wa unga na maji tu, mwembamba, uliogandamizwa picha ya Kuzaliwa kwa Yesu, unaofanana na hostia, mkate wa komunyo, ila haukuwekwa wakfu. Kila mtu hupewa wake, kisha humwendea mmoja baada ya mwingine. Unavunja kipande cha mwenzako, naye anavunja chako, mnakula, na kila mmoja anamtakia mwenziwe heri. Heri zenyewe si za jumla. Mtu anakutazama usoni na kukutakia jambo linalokuhusu wewe. Niliwaona ndugu wawili, ambao nilikuwa nimedokezwa kuwa hawakuelewana vizuri mwaka ule, wakisimama pembeni ya kabati na mikate yao mikononi kwa muda mrefu. Baba wa rafiki yangu, ambaye mchana kutwa alikuwa amezungumza kidogo sana, aliponifikia alimwita mwanawe atafsiri, akanitakia mguu wa mama yangu upone na atembee bila fimbo. Nilikuwa nimelitaja jambo hilo mara moja tu jikoni, wakati wa kukunja uszka, na nilidhani yeye yuko bize na mti wa Krismasi. Nilishindwa kumjibu upesi.

Mezani palikuwa na kiti kimoja kisicho na mtu, chenye sahani, kijiko na glasi. Niliposogea kwenye kiti hicho, Babcia alinishika mkono na kunipeleka kwenye kiti cha upande wake. Alieleza kwamba kile ni cha mtu ambaye hakuna anayemtarajia, mpita njia au yeyote atakayebisha hodi, na wengine hukiacha pia kwa kuwakumbuka marehemu na walio mbali. Mimi sikuwa wa kiti hicho, akasema, kwa sababu nilikuwa nimehesabiwa tangu uyoga ulipolowekwa.

Ni wakati wa samaki ndipo aliponiuliza natoka sehemu gani hasa ya Afrika. Nilimjibu kwamba natoka Tanzania, karibu na Arusha. Akaweka uma chini na kuuliza kama ni mbali na Tengeru. Mtu wa Meru asikie Tengeru ikitajwa na bibi wa Kipolandi, katika lafudhi yake, mezani Wrocław!

Wengi wetu tunaopita Tengeru, nje kidogo ya Arusha, siku za soko hatuyajui haya. Mwaka 1940 na 1941, Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapolandi wa mashariki hadi Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia nchi ya Wasovieti, waliosalia hai waliruhusiwa kuondoka, na mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000 walivushwa hadi Iran. Wanaume wenye nguvu waliingia jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders. Wanawake, watoto na wazee walitafutiwa hifadhi kwingine, na maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki. Palikuwa na kambi Ifunda, Kidugala na Kondoa, na nyingine Masindi na Koja nchini Uganda, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na ziwa Duluti, ambako takribani watu 5,000 waliishi katika nyumba za msonge, wakiwa na shule na kanisa lao. Baada ya vita wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Wachache walirudi Poland.

Mmoja wa hao wachache alikuwa jirani ya Babcia kwa miaka mingi, ghorofa ya juu yake, na alikuwa amemsimulia Wigilia za Tengeru: watoto wakisubiri nyota hadi baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa jua la kwetu halina haraka ya kutua, na nyasi za porini zikitandazwa chini ya shuka. Mdogo wake wa kiume alizikwa hukohuko. Jirani alifariki bila kuliona tena kaburi, na Babcia aliniuliza, akiwa ameniangalia vizuri, kama naweza kulitafuta.

Baada ya chakula tuliimba nyimbo za Noeli, wakaniomba mmoja wa Kiswahili, nao wakauimba nami kwa lugha yao kwa sababu sauti yake ni ileile. Usiku wa manane tulikwenda misa, kanisa likiwa limejaa hadi nje kwenye baridi.

Niliporudi nyumbani nilikwenda makaburi ya Wapolandi ya Tengeru nikiwa na jina lililoandikwa kwa mwandiko wa Babcia. Makaburi yale yanatunzwa vizuri, misalaba imepangwa kwa safu, na mtunzaji wake alinisaidia kutafuta. Tulilipata. Nilipiga picha ya jiwe, ya miti inayolizunguka na ya njia ya kuingilia, nikazituma zote kwa rafiki yangu, naye akazichapisha na kuzipeleka kwa watoto wa yule jirani, ambao sasa wanaulizia nauli ya kuja Arusha.