Nafsi 17

Fomu tuliyopewa ilikuwa na safu nne: jina, simu, ameokoka, ameombewa. Juu kabisa palikuwa na nafasi ya majina ya waliotumwa, na tulitumwa wawili wawili, kama wale sabini wa Luka 10. Mimi nilipangwa na mama mmoja mwanakwaya, mtu mzima, ambaye alikuja na mwavuli na hakuchukua kipeperushi hata kimoja. Mimi nilikuwa na bunda zima. Nilikuwa na miaka 21, nimeokoka miezi minane, na mafunzo ya ushuhudiaji ya wiki sita nilikuwa nimeyamaliza Jumapili iliyotangulia.

Mafunzo yale hata leo siwezi kuyakejeli yote. Tulifundishwa kupita Warumi kituo kwa kituo: 3:23, wote wamefanya dhambi; 6:23, mshahara wa dhambi; 5:8, Kristo alikufa tungali wenye dhambi; 10:9, kukiri kwa kinywa. Mistari hiyo niliipaka penseli nyekundu, na pembeni ya kila mmoja nikaandika unaofuata, ili hata nikibabaika nisipotee. Tulipewa na swali la kufungulia mazungumzo: "Ukifa usiku huu, una hakika utakwenda mbinguni?" Tena tukaambiwa mahali pazuri pa kushuhudia ni pale watu wanaposubiri, vituoni, kwenye foleni, kwenye mabenchi. Anayetembea atakukwepa. Anayesubiri atakusikiliza.

Kwamba anayesubiri hana pa kukimbilia, hilo hakuna aliyelisema.

Tukapelekwa nje ya hospitali. Wodini hatukuruhusiwa kuingia, na kiongozi wetu alieleza sababu vizuri kabisa: mgonjwa aliyelala hawezi kuinuka akakuacha unaongea peke yako, kwa hiyo kumhubiria bila kuitwa ni kumwonea. Niliitikia amina kwa sauti. Haikunijia akilini kwamba benchi la nje ya geti, wanapongoja ndugu hadi saa ya kuona wagonjwa ifike, halitofautiani sana na kitanda.

Aliyewahi kumwendea mtu asiyemjua na Biblia mkononi anaijua ile dakika ya kwanza. Nilizunguka kama nusu saa. Nilijifanya natafuta kivuli, mara nafunga kamba za viatu, mara nasubiri Roho aniongoze, na ukweli ni kwamba nilikuwa naongozwa na woga mtupu. Miaka baadaye nilisoma kwamba hata John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alisita kabla ya kuanza kuhubiri nje kule Bristol, Aprili 1739, kwa kuwa alishazoea kuona kuokoa nafsi nje ya kanisa ni karibu dhambi. Nilifarijika kidogo, ingawa yeye kilichomzuia ni heshima ya ibada, na mimi niliogopa kuchekwa tu.

Mwishowe nikamwona mzee amekaa peke yake mwisho wa benchi, shati limepigwa pasi, mfuko wa nguo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana."

Nikamtupia swali pale pale, kabla ujasiri haujanitoka. Ukifa usiku huu.

Akanitazama. Kisha akageuka akatazama lile jengo, ghorofa ya pili nadhani, akakaa hivyo kitambo. Halafu akasema, "Endelea."

Nikaona mlango umefunguka. Nikafunua Warumi, nikaenda mbio, na kila mstari aliuitikia kwa "ndiyo" ya upole. Nilipomuuliza kama yuko tayari kumpokea Yesu, alivua kofia hata sijamaliza sentensi. Akafuatisha sala ya toba neno kwa neno. Nikampa kipeperushi, akakikunja vizuri akakitia mfuko wa shati, ambao tayari ulikuwa na karatasi nyingine. Nilidhani ni ya hospitali.

Nilirudi kwa mama yule nikikaribia kuruka. "Mama, nimepata mmoja!"

"Bwana asifiwe, mwanangu. Anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu.

"Anamngoja nani?"

Hilo nalo sikulijua. Nikamwambia naenda kuuliza, maana hata fomu ilitaka jina.

Nilipofika, nikakuta jozi nyingine ya kwetu imeshamfikia. Kaka mmoja na dada mmoja, wamesimama mbele yake wamefumba macho, na mzee katikati, kofia mkononi, anakiri dhambi zake. Alikuwa anaijua sala kuliko yule kaka. Walipofika kwenye "nakukaribisha moyoni mwangu", mzee alitangulia, ikabidi kaka amfuatishe yeye. Amina. Wakamshika mkono, wakampa kipeperushi, wakaondoka wakiwa wamejaa furaha. Walinipita wakanipungia.

Mzee akafumbua macho akaniona. Hakuona aibu yoyote. Aibu yote ilikuwa yangu.

Mama alikuwa amenifuata taratibu. Akaketi upande wa pili wa mzee, akausogeza mwavuli hadi kivuli kikamfika, akasema, "Pole kwa kungoja, baba."

Basi akaongea. Mkewe alikuwa na siku tisa mle ndani. Asubuhi walikuwa wamemwambia mambo ambayo hakuyafafanua, na mama hakumchimba. Alikuwa na binti aliyeko safarini, angefika usiku. Niliposikia neno usiku, lile swali langu likanirudia, likanikaa kooni.

Nilijikaza nikamuuliza mbona alikubali kuongozwa sala.

"Mimi nilibatizwa kabla baba yako hajaoa," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza habari za kufa." Akazitoa zile karatasi mfukoni: vipeperushi vitatu, vyote vya kwetu, vyote sawasawa. "Sala haina hasara, kijana. Tena mtu akikataa, mnakaa zaidi."

Mama alicheka kwanza, na mzee akacheka naye. Mimi nilichelewa.

Kisha akaniinamia, bila ukali wowote. "Lakini swali lile usiliulize hapa. Hapa watu wanalijibu tangu asubuhi."

Nimewahi kusimulia kisa hiki kwa watu waliodhani namaanisha tuache kushuhudia. Sivyo. Bado naenda, na bado mikono inatoka jasho. Filipo naye alimkimbilia mtu asiyemjua barabarani, katika Matendo 8. Lakini yule mtu alikuwa anasoma kwa sauti, na Filipo alisikia anasoma nini kabla hajafungua kinywa. Mimi yule mzee alitazama ghorofa ya pili mbele ya macho yangu, nami nikafunua Warumi.

Mama alimuuliza jina la mkewe, akaliombea pale pale, sala ambayo haikufika hata dakika. Kengele ikalia. Mzee akavaa kofia, akachukua mfuko wake, akatuaga, akaingia na wenzake.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini hakubeba vipeperushi. Nilitegemea neno la hekima. Akasema maandishi ni madogo mno, macho yake hayayaoni, na angeaibika mtu akimuuliza yameandikwa nini.

Jioni fomu zikakusanywa. Yetu ilikuwa na mstari mmoja: jina wazi, simu wazi, na alama ya vema chini ya "ameokoka", niliyoiweka kwa kalamu ya wino kabla sijarudi benchini. Ningeweza kuikata. Niliishika ile fomu hadi mkusanyaji akaivuta mkononi mwangu.

Kiongozi akajumlisha, akasimama, akatangaza nafsi 17. Kwa hesabu yangu, ukimtoa mzee mara tatu, hazikuzidi 14. Watu wakashangilia. Mama alikuwa ameinama anakunja mwavuli wake, mkunjo baada ya mkunjo, na alichukua muda mrefu. Mimi nilipiga makofi.