Mwaka wa kwanza wa klabu yetu ya tiara Tanga: tulivyoufuata upepo na maji

Masika yamekatika, upepo wa kusi umeanza kuchachamaa, na klabu yetu ya tiara, yaani vishada vya kurusha, imetimiza mwaka. Wazazi wa Ngamiani na Makorora wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza tulifanyaje hata watoto wasitawanyike, maana vikundi vya watoto hapa mjini huanza kwa vishindo na kufa kimyakimya. Naandika ili nisirudie maelezo kwa kila mmoja, na kwa sababu klabu hii naipenda sana. Kwa kifupi, sisi wakubwa hatukupanga siku ya kurusha. Tuliuachia upepo na maji ya bahari vitupangie.

Wazo la wengi lilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, Raskazone, kila wiki. Ni rahisi kukumbuka, na kila mtu anapajua. Kabla hatujatangaza lolote tukaenda Sahare kumwona babu mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi, tukamkuta barazani anashona wavu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni. Nasikia mnataka kurusha tiara. Mtarushia wapi?”

Tukamwambia Raskazone. Akaweka sindano chini.

“Kwa kusi hii? Kusi inatoka kule,” akanyoosha mkono upande wa Pangani, “mpaka ifike Raskazone imeshapigwa na miembe, imepigwa na mapaa ya watu, imevurugika. Tiara yenu itazunguka kama pia. Nendeni Mwambani mkaikute ingali nzima. Raskazone isubirini kaskazi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotupa ratiba. Raskazone inatazama ghuba upande wa kaskazini, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, upepo unakuja juu ya maji matupu na kumfikia mtoto ukiwa umenyooka. Kusi inapotawala, na nguvu yake hasa ni Juni hadi Agosti, pwani ya Mwambani ndiyo inayoupokea upepo kutoka baharini bila kizuizi. Katikati, Oktoba na Novemba, kuna matlai, upepo wa mashariki, mpole, unaokuja na kukatika. Mtu anayetaka watoto wapende tiara asiwaanzishe na matlai. Awaanzishe na kusi ya alasiri, tiara ipae mara ya kwanza, mtoto auhisi uzi unavyomvuta mkono. Akishauhisi huyo hutampoteza tena.

Maji nayo yana amri yake, na wazazi wengi walilishangaa hili kuliko jambo lolote. Hapa kwetu siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri. Ufukwe wote unamezwa, mtoto hana pa kukimbilia. Siku hizohizo maji huwa yametoka mbali karibu na saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, alasiri pwani inabaki wazi. Basi bamvua ikiangukia Jumamosi au Jumapili tulikwenda asubuhi, watoto wanakimbia juu ya mchanga mgumu uliolowa, nafasi tele, hakuna mnazi wala nguzo. Wiki ya maji mafu tulikwenda alasiri. Na kwa kuwa watoto wetu wengi wanasoma madrasa, na madrasa za mitaani kwetu hufungwa Alhamisi na Ijumaa, alasiri za siku hizo mbili zikawa hazina yetu.

Anayeyaweka haya yote pamoja ni binti wa darasa la saba. Ana kipande cha boksi amekichora mistari: mwezi, maji, upepo, mahali. Kila baada ya siku chache anakijaza kwa chaki na kukitundika kwenye mlango wa duka la mangi pale kona. Mama zetu wanakisoma wakienda kununua sukari. Nimewaona hata wavuvi wakisimama kukitazama, na siku moja mmoja wao alimsahihisha saa ya maji kutoka, naye akashukuru, akafuta, akaandika upya. Watu wazima tulikuwa tumejitolea kuishika ratiba hiyo. Nafurahi tulimwachia yeye.

Sasa tiara zenyewe. Wenye umri wangu tulikua na tiara za mifuko ya plastiki, ile ya rambo, nyepesi, haziogopi maji. Mifuko ile ilikatazwa nchi nzima kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na mimi nashukuru, maana fukwe zetu zilikuwa zimechafuka. Lakini ilibidi kurudi kwenye karatasi. Tunatumia karatasi zile nyembamba za rangi za kutengenezea maua. Gazeti pia hufaa kwa kusi kali ingawa ni zito. Mti wa mgongo ni mwanzi uliochongwa mpaka ukawa mwembamba, mti wa kukingama ni chelewa zilizochomolewa kwenye fagio, mbili au tatu zikifungwa pamoja. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Uzi wa cherehani haustahimili kusi, na mshipi wa kuvulia unateleza na kukata vidole, kwa hiyo tunatumia uzi wa kushonea nyavu ulio mwembamba kabisa, umezungushiwa kopo la maziwa.

Mkia tuliupata kwa bahati ya kuwa watu wa Tanga. Baba wa watoto wawili klabuni anafanya kazi korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, na alituletea singa za mkonge zilizoanguka sakafuni wakati wa kupigwa brashi. Fungu dogo la singa, likifumuliwa na kufungwa kila baada ya shubiri moja kwenye uzi, linauzuia upepo vizuri kuliko kitambaa, na uzito wake ni mdogo mno. Niliwasimulia watoto kwamba mkonge huu wanaouona hadi Korogwe na Muheza uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893; kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama mkia wake unatokana na mmoja wa wale 62. Nikamwambia huenda. Tangu siku hiyo hakuna aliyetupa singa.

Jambo lililowashinda wengi ni nyuzi za kifuani, zile mbili zinazotoka juu na chini ya mti wa mgongo na kukutana mbele, pale unapofungwa uzi mrefu. Mtoto mmoja wa Chumbageni alikuwa na tiara nzuri kuliko zote, nyekundu na kijani, lakini kila ikifika kimo cha mnazi inaanza kuyumba, inapiga duara, inajitupa chini kwa kichwa. Karatasi ilikuwa imechanika na kubandikwa hadi rangi hazionekani. Alikuwa amekata tamaa, anasema tiara yake ina mkosi. Tukakaa mchangani tukaitazama. Fundo lake lilikuwa limeshuka mno kuelekea mkiani. Nikamwonyesha namna ya kufunga fundo la kusogea, akalipandisha yeye mwenyewe kwa upana wa kidole kimoja kuelekea kichwani. Akarusha. Ikayumba bado. Akapandisha tena, safari hii kidogo sana, nusu ya kidole, ameuma ulimi. Ikapaa ikatulia, uzi umekakamaa, na yeye hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliketi tu, kopo mapajani, akaitazama mpaka mwadhini akaadhini Magharibi.

Kanuni yake ni hii: fundo likipanda kuelekea kichwani, tiara inalalia upepo na kuvutwa kidogo, ndiyo inayofaa kwa kusi. Likishuka, inasimama na kukamata upepo mwingi, ndiyo inayofaa kwa matlai. Lakini kanuni haimfundishi mtu. Kinachomfundisha ni ule upana wa kidole chake mwenyewe.

Watoto wakubwa walitaka tiara isiyo na mkia, na hilo lina historia yake. Miaka ya 1890 Mmarekani William Eddy alitengeneza tiara ambayo mti wake wa kukingama umepindwa nyuma mfano wa upinde kwa uzi, ikatulia bila mkia. Chelewa hupindika kwa urahisi kabisa, na hapa sisi wa pwani tuna faida. Tulipinda, tukakaza uzi nyuma, na kweli zilikaa angani, ingawa kwa kusi ya Julai nawashauri mkia mfupi ubaki.

Kuhusu usalama sitasema mengi ila sitalegeza neno. Hatukurushia mitaani penye nyaya za umeme, wala upande wa uwanja wa ndege, wala mawingu yalipoanza kunguruma. Tiara ikinasa kwenye waya ni ya waya, hakuna kuifuata na mti wala kurusha jiwe. Wavulana walileta habari ya kupaka uzi gundi yenye chupa iliyosagwa ili wakatane angani. Tukakataa mara moja. India, ambako mchezo huo ni mkubwa, uzi wa nailoni wa namna hiyo umeua ndege na umewakata shingo waendesha pikipiki, hata mahakama ya mazingira ya huko ikaupiga marufuku mwaka 2017. Mji wetu umejaa bodaboda, na kaka za watoto hawahawa ndio madereva wake. Badala ya kukatana tuliweka mashindano ya kukaa: tiara zote zinapanda pamoja, ya mwisho kushuka ndiyo mshindi. Wasichana wanashinda mara nyingi kwa kuwa wana subira na uzi.

Ramadhani iliangukia kwenye kaskazi, nayo ikatupa alasiri tamu kuliko zote za mwaka. Watoto waliofunga hawakuwa na nguvu za kukimbia, na kaskazi haidai mbio. Unasimama tu, mwenzio anaishika tiara hatua chache mbele, anaiachia. Walikaa Raskazone wakingoja jua lishuke, kisha kila mmoja kwao kufuturu. Mama mmoja aliniambia mwanawe alikuwa haulizi tena saa ngapi.

Halafu masika. Nilikuwa naiogopa Aprili. Mvua ya Tanga haina mzaha, karatasi inalegea, uji unayeyuka, na klabu ya kurusha isiporusha wiki nyingi inaweza kuisha. Tukapewa chumba cha nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja, tukakifanya karakana. Mvua ikinyesha juu ya mabati hata hamsikilizani, lakini mikono inafanya kazi. Hapo ndipo tulipojenga tiara ya sanduku. Niliwasimulia kuhusu Lawrence Hargrave wa Australia, ambaye mwezi Novemba 1894, katika pwani ya Stanwell Park, alijifunga kwenye tiara nne za sanduku zikamwinua karibu mita 5 kutoka ardhini. Alikuwa anatafuta namna ya mtu kuruka, miaka kadhaa kabla ya ndege ya kwanza. Watoto wakataka yetu palepale.

Karatasi isingefaa. Binti mmoja ndiye aliyesema: miavuli. Masika kila nyumba ina mwavuli uliovunjika mbavu, na kitambaa chake ni chepesi na hakipitishi upepo. Wakazunguka mtaani wakikusanya, wakarudi na myeusi, ya maua, na mwavuli mmoja wa kitoto wenye picha za katuni. Bibi mmoja mshonaji akawashonea mikanda miwili mipana kwa cherehani yake, miti minne ya mwanzi ikapita pembeni, mingine ikakazwa ndani kwa umbo la msalaba ili kitambaa kivutike. Kazi kubwa ilikuwa kuifanya iwe sawa pembe zote; ikipinda kidogo inalalia upande. Waliipima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, wakailegeza, wakaikaza tena, siku baada ya siku, mpaka nyuzi mbili zikalingana.

Wiki iliyopita, bamvua, maji yakiwa yametoka, tuliipeleka Mwambani. Babu naye alikuja, amebebwa kwa bajaji. Vijana wawili walishika uzi, kusi ikaingia kwenye sanduku, kitambaa kikapiga mlio, na ikapanda moja kwa moja bila kuyumba. Mvuto wake ulikuwa mkubwa hivi kwamba tulilazimika kuongeza mtu wa tatu kwenye uzi. Babu aliomba apewe. Akaushika kwa mikono miwili, akaulegeza, akaukaza, akawaambia vijana: “Msishindane naye. Akivuta mpeni, akilegea chukueni.” Sasa wanarusha hivyohivyo.

Kinachotusumbua bado ni matlai. Mwaka uliopita Oktoba na Novemba mahudhurio yalipungua, tiara zinapanda na kuanguka, na vuli ikaanza kunyesha juu yake. Safari hii tunataka kabla ya Oktoba tuwe na tiara pana, ya chelewa mojamoja na karatasi nyembamba kuliko hii, mkia uzi mtupu. Vijana wameshaanza kuchonga. Tunahitaji karatasi, na miavuli mibovu bado tunapokea. Iachwe dukani kwa mangi, chini ya lile boksi la ratiba.