Kyubu Isiyo na Majivu

Kila mgeni anayepita maabara yetu huomba jambo moja, aonyeshwe zege la korosho. Maneno yameshatembea mjini kwamba kuna watu hapa Mtwara wanachoma maganda ya korosho, wanasaga majivu yake na kuyachanganya na saruji, na kila mtu anataka kulishika kwa mkono wake. Namtolea kyubu moja, kile kipande cha zege cha pande sawa tunachokimwaga ili baadaye tukivunje kupima nguvu. Ataigeuzageuza, ataigonga kwa ukucha, ataisogeza puani (wengi hunusa, sijui huwa wanatarajia harufu gani), halafu linakuja swali: "Sasa hili ni gumu kuliko la kawaida?" Hapo namwelekeza kona ya tangi la maji tunamozilaza zikomae, ziliko kyubu nyingine ambazo ndani yake hamna cha ajabu hata kimoja: saruji, mchanga, kokoto na maji. Bado sijaona mgeni aliyeinama kuziangalia.

Leo nataka niandike juu ya hizo. Sisi tunaziita kontroli, yaani za kulinganishia.

Kwanza kazi yenyewe, kwa kifupi. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yanayobabua ngozi. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanayajua vizuri, ndiyo maana wengine hujipaka majivu viganjani kabla ya kuanza. Korosho ikishatoka, maganda yanabaki milima, na mengi huishia motoni. Majivu ya kuokota tu jalalani hayatufai. Ni meusi, yamejaa kaboni ambayo haikuungua, na kaboni hunywa maji kama ina kiu ya mwaka mzima. Kwa hiyo tunayarudisha kwenye tanuri mpaka weusi uondoke, tunayasaga, tunayachekecha. Lakini moto nao una mpaka wake. Ukizidisha joto, silika iliyomo (kitu kilekile kinachojenga mchanga) hujipanga kuwa fuwele, na silika ya namna hiyo ni mvivu, haifanyi kazi tena ndani ya zege.

Kazi tunayoitarajia ni hii. Saruji ikikutana na maji hutengeneza gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pembeni huacha chokaa iliyozimwa, ambayo kwa nguvu za zege haisaidii sana. Majivu yenye silika nzuri huila hiyo chokaa na kuigeuza kuwa gundi nyingine ya jamii ileile. Warumi walilijua jambo hili kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli, na jina pozolana limetoka huko. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 kinataka silika, alumina na oksidi ya chuma kwa jumla visipungue asilimia 70 ndipo majivu ya asili yaitwe pozolana. Majivu ya pumba za mpunga yana silika tele. Ya korosho hayana utajiri huo, na hubadilika kufuatana na yalivyochomwa, kwa hiyo tunakwenda nayo kwa tahadhari. Tunaondoa asilimia 5 ya saruji na kuweka majivu mahali pake, kisha 10, kisha 15, kisha 20. Na kila tunapochanganya hizo, tunachanganya na ile ya asilimia sifuri.

Hiyo ya sifuri ndiyo inayochosha watu. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wakisikia leo ni zamu ya majivu, wanafika mapema na simu za kupigia picha. Wakisikia leo tunarudia sifuri, wanakuwa na udhuru.

Na si kazi ya kupuuza, kwa sababu hata kuamua sifuri ifananeje na zile nyingine ni mtihani. Chukua maji peke yake. Majivu ni mepesi kuliko saruji, kwa hiyo ukibadilisha kilo kwa kilo unapata ungaunga mwingi zaidi, na zege linakuwa kavu, zito kusukumika. Tunalipima kwa ile koni ya chuma ya milimita 300. Unaijaza, unashindilia kwa fimbo, unaivua taratibu, unaangalia zege limeshuka kiasi gani. La kawaida linakaa vizuri na kushuka kidogo. La asilimia 20 linabaki limesimama wima kama halijajua kwamba koni imeondoka. Sasa ufanyeje? Ukiliongezea maji ili lilainike, umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, na tangu mtafiti wa zege Duff Abrams alipoandika kule Chicago mwaka 1918 tunajua kwamba kadiri maji yanavyozidi saruji ndivyo nguvu inavyoshuka. Litakalovunjika baadaye utalilaumu kwa majivu au kwa maji? Ukiliacha na maji yaleyale, halishindiliki vizuri, linabaki na matundu, na nguvu inashuka kwa sababu ya matundu. Kwa vyovyote vile hulinganishi majivu peke yake. Mimi nimeshikilia maji yasibadilike na muda wa kushindilia uongezwe kwa zote, pamoja na za sifuri. Mwenzangu mmoja hakubaliani na mimi hata leo. Anasema fundi wa mtaani ataongeza maji tu, atake asitake, kwa hiyo tupime anachokifanya fundi. Ana hoja. Lakini tukianza na fundi hatutajua kamwe majivu yanafanya nini.

Saruji nayo ina hila yake. Mtwara hatuna njaa ya saruji. Kiwanda cha Dangote pale Hiari kilianza kuzalisha mwaka 2015, na uwezo wake ni tani milioni 3 kwa mwaka. Ila mfuko unaoandikwa 32.5, yaani daraja la nguvu ya saruji, mara nyingi si klinka tupu, yale mawe ya tanuri yanayosagwa kuwa saruji. Umesagwa pamoja na mawe ya chokaa au pozolana kiwandani. Ukitia majivu yako juu ya huo, unaongeza kitu kwenye mchanganyiko ambao tayari ni mchanganyiko. Kwa hiyo kontroli lazima itoke mfuko uleule, siku ileile, mchanga wa lundo lilelile. Kontroli ya mwezi uliopita haimlinganishi mtu wa leo.

Halafu kuna joto. Viwango vya Ulaya vinataka kyubu zilazwe kwenye maji ya nyuzi 20. Nyuzi 20, Mtwara! Tangi letu mchana wa Desemba unaweza kuogea bila kushtuka. Zege likilala kwenye maji ya vuguvugu hupata nguvu haraka siku za mwanzo, na majivu ya pozolana nayo huchangamka zaidi kwenye joto. Ndiyo maana sipendi mtu akiniletea jedwali la matokeo ya nchi nyingine na kuliweka sambamba na letu. Zile kyubu zimekulia kwenye baridi na zetu zimekulia hapa, na mwenzake wa haki wa kyubu ya majivu ya Mtwara ni kyubu tupu ya Mtwara iliyolala naye tangi moja.

Juzi wiki hii tukafikia siku ya 90 tangu kumwaga fungu la kwanza. Kwa zege la kawaida watu huvunja kyubu siku ya 7 na ya 28 wakamaliza. Kwa majivu huwezi. Siku ya 7 kyubu zote za majivu zilikuwa nyuma, na mgeni mmoja mwenye cheo aliyekuwepo siku hiyo alishaanza kutupa pole. Pozolana huanza kazi baada ya saruji kutoa chokaa, kwa hiyo huchelewa. Siku ya 28 pengo lilikuwa limepungua. Ndiyo tukasubiri 90.

Asubuhi hiyo naenda kuzitoa kwenye maji, nahesabu za sifuri, moja haipo. Tukatafuta tangi zima kwa mikono, maji hadi kwenye mabega. Tukaangalia kwenye rafu. Mwishowe mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Si ile pale mlangoni?" Kweli. Upepo wa kusi ulikuwa unaupigapiga mlango wa nyuma, na mtu fulani, hakuna aliyekiri mpaka leo, alitafuta kitu kizito akaona kyubu "isiyo na kazi". Imekaa pale imezuia mlango, namba yake ya rangi nyekundu imetazama ukutani, upande mmoja umepauka kwa jua. Ya asilimia 15 ilikuwa juu kabisa ya tangi, karibu zaidi na mkono. Hakuna aliyethubutu kuigusa hiyo.

Mwanafunzi akauliza kwa nini tusiivunje tu pamoja na wenzake, mbona haina ufa. Swali zuri. Kyubu ikikauka huonyesha nguvu kubwa kuliko iliyolowa, na wakati huohuo ikikosa maji mapema saruji huacha kukomaa. Kwa hiyo ile ya mlangoni ingeweza kutudanganya kwa upande wowote, na tusingejua ni upande upi. Tukaiandika kwenye daftari kuwa imeondolewa, na sababu yake: "ilitumika kuzuia mlango". Msimamizi alisoma sentensi hiyo mara mbili, akatia saini bila kusema neno.

Zilizobaki tukazivunja. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo sijawahi kuichoka. Unafuta kyubu maji ya juu, unaisafisha mchanga uliobaki, unaiweka katikati ya bamba la chuma, ule uso uliokuwa juu wakati wa kumwaga ukiwa ubavuni. Upande una milimita 150, kwa hiyo uso una milimita za mraba 22,500. Kufikisha nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba mashine inabidi isukume kilonyutoni 562.5, uzito wa kama tani 57. Mshale unapanda polepole. Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana. Kisha pembeni panaanza kudondoka vumbi, ukanda mwembamba wa zege unabanduka kwenye kona, mshale unasita, na kinasikika kishindo kizito kisicho na mwangwi. Ikivunjika vizuri, mbavu zote nne zinaanguka na katikati panabaki piramidi mbili zilizogusana vichwa, kwa sababu mabamba ya mashine huzibana juu na chini zisitanuke. Ikipasuka upande mmoja tu, ujue haikukaa sawa, na namba uliyopata usiiamini.

Matokeo ni kwamba za majivu kidogo zimezifikia za sifuri, au tofauti yao ni ndogo kuliko tofauti iliyopo baina ya kyubu mbili za fungu moja. Za asilimia 20 hazikufika na sidhani kama zitafika. Ningesema haya kwa kifua zaidi kama ile ya mlangoni ingekuwepo. Na nguvu ya kukandamizwa si kila kitu. Majivu yanayokula chokaa ya zege yanapunguza pia kinachoilinda nondo isiote kutu, na mji wetu uko juu ya chumvi. Mpaka tupime hilo, mtu akiniuliza kuhusu nguzo ya nyumba ya ufukweni Msimbati, jibu langu ni hapana.

Wiki hiyohiyo nikabishana na jamaa mmoja, msomi, kuhusu Kilwa. Yeye anasema chokaa ya wazee ni bora kuliko saruji, na ushahidi ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: umeanza kujengwa karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma matumbawe, Ibn Battuta alipita mji huo mwaka 1331, na kuta bado zimesimama. Nyumba ya shangazi yake ya saruji imepasuka ndani ya miaka kumi. Naipenda Kilwa, na ile chokaa naiheshimu. Kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo hadi jiwe liachie hewa yake na kupoteza asilimia 44 ya uzito si jambo la kubahatisha. Lakini nikamwuliza, kuta zilizoanguka Kilwa umezihesabu? Sehemu ya kuta za ngome ya Gereza imekwenda na bahari. Magofu hayo na ya Songo Mnara, yaliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 1981, yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Kilichosimama tunakiona, kilichoanguka kimeshabebwa kikajengewa kwingine. Anachukua bora ya wazee anailinganisha na mbaya ya shangazi. Akasema mimi nimeharibiwa na maabara. Inawezekana.

Jana jioni alikuja mzee mmoja anayefyatua tofali njia ya Mikindani. Amesikia habari zetu, ameanza kutia majivu ya jikoni kwake, na anasema tofali zimekuwa chuma.

"Shikamoo mzee. Kuliko zipi?"

"Kuliko za zamani."

"Za zamani zipo tuzione?"

"Nimeshauza, mwanangu."

Nikamwambia alete za majivu tumpimie bure, kwa sharti kwamba siku hiyohiyo, kwa kalibu ileile na mchanga uleule, afyatue na chache zisizo na majivu, azimwagilie sawasawa. Uso ukabadilika. Saruji kamili kwenye tofali za kwenda kupasuliwa? Hiyo ni hela yake inaingia kwenye mashine ya serikali. Za majivu yuko tayari nipasue hata zote. Tumevutana mpaka adhana ya Magharibi. Tumekubaliana saruji ya zile tupu nitoe mimi, mchanga na nguvu kazi atoe yeye, na vipande vikishavunjwa ni vyake, ana shimo la choo la kujaza kifusi. Anakuja Jumatatu. Nimeshaandika kwenye ubao wa tangi, kwa chokaa kubwa, kwamba za sifuri zisiguswe.