Babu hakuuza nyama

Niliahidi wiki hii nitawaandikia habari za chumba cha baridi, na kweli kimeshafungwa na kinafanya kazi, na dada kajifungua salama mtoto wa kiume (asanteni kwa meseji zote), lakini saa hizi ni saa sita ya usiku na kichwani nina kitu kimoja tu, "hee" ya yule mzee.

Jumanne nilikuwa zizini nahangaika na lile geti bovu, si mnalijua, nimelifunga kamba kwa muda na huo muda sasa ni miezi mitano. Nikasikia mtu anakohoa nje ya ukuta. Kutoka, ni yule mchungaji wa babu niliyewaambia namtafuta tangu mwaka jana! Nikamwamkia, akaitikia, akaingia ndani bila kukaribishwa, kama mtu aliyetoka hapo asubuhi.

Jamani nilifurahi kitoto. Nikamzungusha shamba zima. Nikamwonyesha malisho nilivyoyagawa vipande kwa waya wa umeme, nikamweleza kwamba mbuzi hawakai kipande kimoja zaidi ya siku tatu maana mayai ya minyoo yakianguka na kinyesi, kwenye joto ndani ya siku nne tano hivi yanakuwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye majani vikisubiri kuliwa, kwa hiyo mbuzi inabidi awe ameshaondoka, halafu nyuma yao wanapita wale ng'ombe wawili, wanalamba hivyo viluwiluwi na vingi vinafia tumboni mwao kwa sababu minyoo ya mbuzi mingi haiishi kwa ng'ombe. Nilikuwa naongea kama redio. Yeye anaitikia tu kwa kichwa. Nikamkamata mbuzi mmoja nikamfunua kope la chini nimwonyeshe wekundu, kwamba huyu damu ipo, minyoo haijamnyonya, hahitaji dawa, tunampa dawa mwenye kope jeupe tu. Akainama akaangalia muda mrefu. Akasema, "Huyu mzima." Hapo ndo nikavimba kabisa.

Basi nikamalizia na ile ghala ya mawe. Sasa hivi ina meza, mizani, kulabu nane zimepangwa juu, na mlango wa chumba cha baridi. Nikasema, na sauti yangu nikiikumbuka natamani kujificha, "Kwa hiyo mzee, unaona, tunafufua shamba la babu."

Akaziangalia kulabu. Akasema, "Babu yako hakuuza nyama. Aliuza mbuzi."

Nikasema, "Si kitu kilekile mzee."

"Hee."

Basi. Akaaga, akapita njia ya zizini, akaenda zake.

Nimeirudia hiyo hee mara mia. Haikuwa ya kushangaa. Haikuwa ya kukubali pia, ile ya kukubali inavutwa. Hii ilikuwa fupi, imepitia puani, kama mtu katajiwa bei akaamua hana haja ya kupunguziwa. Mwenzangu anasema mzee wa watu kasema hee tu, lala. Lakini yeye hakuwepo, hakuona zile kulabu zinavyotazamwa.

Na kinachoniuma zaidi ni stika. Nimechapisha stika mia tatu za kubandika kwenye pakiti, zimeandikwa "Kama enzi za babu". Enzi zipi sasa? Babu alisimama getini, mnunuzi akaja, wakapatana, mbuzi akaondoka kwa miguu yake minne. Alichinjwa wapi na nani, babu hakuuliza.

Jumatano usiku nikaanza kumjibu mzee kimoyomoyo, na nikawa na hasira hasa. Babu angeuzaje nyama hana baridi? Mbuzi aliye hai hahitaji friji, ukishamchinja unahesabu masaa. Mimi sikuchagua kulabu kwa sababu nazipenda. Nimezichagua kwa sababu mbuzi akitoka hapa akiwa hai, anapandishwa gari la mtu, anashinda na njaa, anachanganywa na mbuzi asiowajua wanapigana usiku kucha, na ile sukari ya kwenye misuli inaisha yote kabla ya kisu. Sukari ikiisha, nyama haipati asidi yake, inabaki nyeusi, ngumu ngumu, na inaharibika upesi. Mnakumbuka ule mzigo wetu wa mwezi uliopita, mteja alinitumia picha akauliza kama ni nyama ya punda. Nilipima pH, yaani kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi imeongezeka: ilikuwa 6.3, ilitakiwa ishuke mpaka tano na nusu hivi. Na wale walikuwa wa kwangu mwenyewe, hapa hapa, ila waligoma kupita kwenye kile kichochoro cha kutokea zizini, wakavutwa masikio na pembe nusu saa nzima, mmoja akaruka ukuta. Nyama inarekodi kila kitu.

Halafu wazo likanijia, likanikalia vibaya: labda babu aliuza mbuzi ili asijue. Sasa kati yetu nani alikuwa na huruma zaidi, anayekataa kuona au anayepanga kulabu? Sikupata jibu. Nikamchukia babu kidogo, kama dakika kumi.

Alhamisi alfajiri ilikuwa zamu ya mbuzi sita kuchinjwa. Nilishajiandaa kwa vita, nimemwita na jirani aje asaidie. Nikafungua zizi, beberu akatangulia, akafika penye kichochoro, mahali pale pale wanapogomea siku zote, akanusa chini, akapita. Wote sita. Hakuna aliyeguswa, jirani bado anavaa buti zake.

Nikasimama kama mjinga. Nikaangalia geti. Kamba yangu, ile ncha iliyokuwa inaning'inia na kuchezacheza na upepo usawa wa macho ya mbuzi, haikuwepo. Ilikuwa imekunjwa vizuri, duara, imewekwa juu ya ukuta na jiwe juu yake. Mimi sikunji kamba hivyo. Hakuna mtu humu anayekunja kamba hivyo!

Miezi mitano napita hapo kila siku. Nimesoma kuhusu vivuli na minyororo inayoning'inia kwamba ndivyo vinavyowatisha wanyama, nimeandika humu humu, nikajifanya mwalimu. Mzee kapita mara moja.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kuna nini. Nyama ya siku ile baada ya saa ishirini na nne ilikuwa pH 5.7, nyekundu safi. Nilitaka kumpelekea mzee kipande, nikafunga vizuri, nikashika stika nibandike, nikairudisha. Nitampelekea hivyo hivyo bila maandishi. Au nimpelekee mbuzi, sijui.

Kitu kingine, mdogo wetu siku hizi anasoma huku daftari limegusa pua. Nikimwambia ainue kichwa anainua, nikigeuka tu karudi pale pale. Leo nimemwonyesha mbuzi weupe kule upande wa juu nikamwambia ahesabu, akasema anaona mawe.