Eliya Alipewa Mkate Kwanza

Katika jiji la Kisumu na viunga vyake, mhudumu wa kanisa anaweza kushughulika juma zima na bado asiifanye ile kazi aliyoitiwa. Jumamosi ni mazishi, Jumapili ni ibada na kikao cha kamati ya maendeleo, na katikati ya juma kuna harambee ya mabati na ujumbe wa simu usiokoma. Nimeishi hivyo kwa miaka kadhaa, hata ikafika hali ambapo kuomba mbele ya watu kulikuwa kwepesi na kuomba peke yangu kulikuwa kazi ngumu.

Ushauri ambao anayepoa kiroho hupewa ni kwamba ahudhurie mkutano mkubwa wa injili, awekewe mikono, moto uwake upya. Siidharau mikutano hiyo. Hata hivyo, nabii Eliya alikuwa ametoka kuuona moto ukishuka katika mlima Karmeli alipomkimbia malkia Yezebeli na kujilaza chini ya mti wa mretemu akiomba kufa. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kamati ya kanisa isiyompa mwinjilisti wake likizo hata ya majuma mawili kwa mwaka (nazo ni nyingi) haina haki ya kulalamika kwamba mahubiri yake yamepoteza nguvu.

Kupumzika, lakini, hakutoshi. Kanisa la Efeso, katika Ufunuo sura ya 2, linasifiwa kwa taabu na subira yake, kisha linaambiwa kwamba limeuacha upendo wake wa kwanza, na dawa linayopewa ni kuyarudia matendo ya kwanza. Matendo yangu ya kwanza yalikuwa kutembelea watu katika maboma ya Nyakach, huko mashambani katika Kaunti ya Kisumu, kwa miguu, bila spika. Nimeyarudia, nami sikungoja hamu irudi kwanza. Ilinifuata njiani, polepole.

Kilichonisaidia zaidi ni ushirika mdogo wa ndugu wa uamsho. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937, uliwafundisha Wakristo kukutana mara kwa mara, kutajiana dhambi waziwazi na kutembea nuruni, na nadhani ndiyo sababu haukuzimika mara tu wahubiri wake mashuhuri walipoondoka. Katika ushirika wetu kuna mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuniuliza ni watu wangapi wameokoka. Huniuliza iwapo nimepatana na ndugu yangu, na iwapo ninalala usingizi.

Ninaukumbuka pia utume wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ulioanzishwa mwaka 1902 na Waquaker (Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki) watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Waliuita utume wa viwanda, kwa maana pamoja na kuhubiri walifundisha ufundi, na waongofu wa mwanzoni walikuwa wachache. Leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Anayepima huduma kwa idadi ya mikono iliyoinuliwa jioni moja angeufunga utume ule mapema.

Kwa hiyo Agosti hii, shule zitakapofungwa, ushirika wetu utakwenda Nyakach juma zima bila hema wala bango. Tutalala kwa wenyeji, tutawasaidia shambani asubuhi, na jioni tutasoma Neno pamoja na wote watakaopenda kubaki.