Meza ya kulengea shabaha uani: anza na kiti

Kwa miezi minne nililaumu kila kitu isipokuwa meza. Nilijaribu aina tatu za risasi, nikalegeza skrubu za darubini na kuzikaza upya, nikasafisha mtutu mara mbili kwa wiki, na bado karatasi yangu ya shabaha, mita 20 tu kutoka nilipokaa, ilirudi na matundu yaliyotapakaa upana wa kiganja. Leo nzuri, kesho mbaya. Bunduki yenyewe ni ya upepo, ya milimita 4.5, ya kujazwa hewa kwenye mtungi wake, na teke lake ni dogo kiasi kwamba bega halilisikii. Haikuwa na sababu yoyote ya kutapanya namna ile.

Siku niliyoelewa, bunduki ilikuwa tupu, imelala juu ya vifuko vyake vya mchanga, nami nimeinama nachungulia kwenye darubini bila kuigusa. Mjomba wangu, ambaye ni seremala, akaja na kikombe chake akakiweka ukingoni mwa meza. Hakukibamiza, alikiweka tu. Ndani ya darubini ile alama ya msalaba iliruka kutoka katikati ya karatasi hadi nje kabisa ya duara jeusi, ikarudi, ikayumba mara tatu nne, ndipo ikatulia.

"Mjomba, hebu kiinue ukiweke tena."

Akakiweka tena, na msalaba ukaruka tena. Akainama, akashika mguu mmoja wa meza kwa vidole viwili, akautikisa.

"Mpwa wangu, hii meza haina miguu. Ina vijiti."

Ilikuwa ile meza ya kukunja ya mabomba membamba ya chuma, yenye kiti kilichounganishwa nayo kwa mkono mmoja wa bomba. Niliinunua kwa sababu ilikuwa nyepesi na kiti chake kilizunguka. Maelezo yake yalisema ni imara, na kwa kuitazama nikaamini. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba kiti kilichofungwa kwenye meza huibeba meza pamoja nawe. Ukivuta pumzi, meza inavuta. Ukihamisha uzito kutoka paja moja kwenda jingine, meza inainama na bunduki inainama nayo. Hata mapigo ya moyo yalionekana kwenye darubini, ule mdundo mdogo unaopandisha na kushusha msalaba, na nilikuwa nimeshauzoea nikidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Baada ya siku ile nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hii ningependa kila anayenunua meza aifanye kabla ya kutoa pesa. Bunduki yangu imeegemea sehemu mbili, kifuko cha mbele na kifuko cha nyuma, na kati yake kuna sentimita 70. Egemeo la mbele likishuka milimita moja tu, la nyuma likabaki palepale, basi kwenye karatasi iliyo mita 20 risasi itashuka karibu milimita 29. Milimita moja inazidi kidogo tu unene wa kadi ya benki. Kwa upande mwingine, meza nzima ikisogea milimita moja kando bila kuinama, risasi nayo itasogea milimita hiyohiyo moja. Kwa hiyo adui mkubwa ni kuinama. Meza ambayo miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sentimita 80, ikiinuka milimita mbili upande mmoja kwa sababu umeegemeza viwiko, inaipeleka risasi sentimita tano mbali na ulipolenga. Kuanzia hapo niliacha kabisa kuulizia uzito wa risasi na nikaanza kuulizia miguu.

Lakini hata miguu si mahali pa kuanzia. Nilichojifunza, na ndicho kilichonisukuma kuandika, ni kwamba unaanza na kiti. Watu wengi huchagua meza, kisha hutafuta kitu cha kukalia, halafu mwili ndio unalazimishwa kujikunja uziridhishe meza na kiti. Shingo inarefushwa, bega linapandishwa, tumbo linabanwa. Misuli iliyokazwa hutetemeka, na mtetemo huo hupitia shavuni hadi kwenye kitako cha bunduki. Starehe na uthabiti, kwangu mimi, ni jambo moja. Ukiwa huna raha hutulii, hata meza ingekuwa ya zege.

Mimi nilianza na kigoda cha miguu mitatu kisichozunguka, urefu wa sentimita 46, kwa sababu hapo nyayo zangu zinakaa chini zote mbili na magoti yanakunjika bila kubana mapaja. Kiti kiwe peke yake, kisiguse meza mahali popote. Kisha nikakaa kama ninayelenga, nikainama mbele kidogo tu, kichwa wima, na mjomba akapima kutoka chini hadi jichoni: sentimita 106. Hicho ndicho kipimo kinachoamua kila kitu kingine. Kutoka katikati ya darubini yangu hadi chini ya sehemu ya mbele ya bunduki, pale inapolalia kifuko, kuna sentimita 10. Egemeo la mbele pamoja na kifuko chake ni sentimita 16. Ukitoa hizo kwenye 106 unabaki na 80, na huo ndio urefu wa uso wa meza yangu. Meza za kawaida huwa ni kama 75, na zile tano zilizopungua ndizo zilizokuwa zikinitia maumivu ya shingo kila baada ya risasi ishirini. Wewe vipimo vyako vitakuwa vingine. Usichukue vyangu, chukua njia tu.

Kama meza tayari unayo na ni fupi, usikimbilie kuiuza. Pandisha egemeo, au weka vipande vya mbao ngumu chini ya miguu. Meza ndefu kuliko inavyopaswa hutibiwa kwa kiti kirefu na kibao cha kukanyagia, kwa sababu miguu inayoning'inia haitulii.

Meza yenyewe tuliijenga kwa siku mbili. Uso ni plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja kwa gundi na kubanwa usiku kucha, urefu wa mita moja na upana wa sentimita 80. Ukiigonga haina mlio, inajibu kwa sauti fupi nzito kama unagonga gogo. Sauti hiyo ni kipimo kizuri unapokagua meza za kununua pia: uso unaolia kama sanduku tupu utautikisa msalaba. Upande ninaokaa tumekata nafasi ya kifua. Mimi ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo mkato uko kushoto, na ulimi wa ubao uliobaki kulia unabeba kifuko cha nyuma na kiwiko changu cha kulia chote. Usidharau ulimi huu. Kiwiko kinachoning'inia hewani kinalivuta bega, na bega linaivuta bunduki.

Miguu ni mitatu, mmoja mbele na miwili upande wangu. Miguu mitatu haiyumbi hata chini pakiwa na mabonde, ilhali mguu wa nne daima hutafuta mahali pa kukanyaga. Nilitaka kuweka miwili mbele kwa sababu ilionekana vizuri zaidi, mjomba akakataa. Uzito wangu unaegemea pembe za nyuma, na mguu mmoja wa nyuma ungeiacha meza ipinduke ninapoegemea pembeni. Mguu wa mbele umeunganishwa na ile miwili kwa mbao za mshazari. Bila mshazari, hata miguu minene hucheza kama mlango uliolegea bawaba. Viungo vyote ni vya boliti za milimita 10 zenye nati na washa, hakuna msumari hata mmoja, kwa sababu mbao hunywea na kuvimba na msumari haukazwi upya. Kila mwezi napita na spana.

Chini ya kila mguu kuna kigae cha zege cha sentimita 40 kwa 40. Uwanja wangu ni wa majani, na udongo ukilowa mguu wa meza huzama polepole, milimita kwa milimita, katikati ya kulenga, nawe hujui. Nilitandaza changarawe kidogo, nikalaza vigae juu yake, nikahakikisha kwa pimamaji, nikachora duara la chaki pale kila mguu unapokaa. Meza nikiiondoa kwa ajili ya mvua, inarudi mahali palepale.

Tulipomaliza, mjomba alileta bilauri ya maji, akaiweka katikati ya meza na kuniambia nikae, niegemeze viwiko, nipumue kama kawaida. Ile meza ya mabomba ilikuwa ikichora duara juu ya maji kila nilipovuta pumzi. Hii, maji yalibaki kama kioo. Nilipogonga ukingo kwa kifundo cha kidole, duara moja jembamba lilitoka pembeni likaishia kabla ya kufika katikati. Nikaiweka bunduki tupu juu ya vifuko, mjomba akaweka kikombe chake. Msalaba haukutoka kwenye duara la katikati. Jaribio hili halihitaji kufyatua risasi hata moja, na unaweza kulifanya kwenye meza yoyote kabla hujainunua: maji, viwiko, pumzi.

Mwenye bunduki ya upepo ya springi, ile inayosukuma hewa kwa springi na pistoni, ana jambo jingine la kuzingatia. Pistoni inapoachiwa bunduki inarudi nyuma, kisha pistoni inapofika mwisho inaisukuma bunduki mbele, na mwendo huo huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiilaza juu ya kitu kigumu, au ukiibana kwa nguvu, itarukia mahali tofauti kila mara. Inataka kifuko laini mbele, au kiganja chako kikiwa juu ya kifuko, na bega linalogusa tu bila kukumbatia. Isitoshe, zile za kukunja mtutu huinuliwa kila risasi ili zikokiwe, kwa hiyo meza yake iwe na nafasi wazi pembeni, na utie alama ya utepe kwenye kitako ili kila ikirudi ilale mahali palepale juu ya kifuko. Mdomo wa mtutu ubaki umeelekea upande wa shabaha muda wote huo. Vifuko mimi nimejaza mchanga mkavu uliochekechwa. Vile vyepesi vya chembe za plastiki vinabebeka vizuri, lakini vinasogea.

Kuna faida moja ya meza isiyohama ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa mahali pa kukaa hapabadiliki, mstari wa risasi nao haubadiliki, na nimeweza kujenga kizuizi kimoja kinachofaa: sanduku la mbao nene lililojaa mchanga, pana kuliko karatasi mara nne, na nyuma yake ukuta. Risasi ya bunduki ya upepo ikikosa kizuizi husafiri mamia ya mita, na jicho la mtu halina badala. Kwa hiyo miwani ya kinga huvaliwa na kila aliyepo uani, lango linafungwa, na mtu yeyote akitokea mbele ya meza bunduki inafunguliwa na kuwekwa chini. Sheria pia zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi, pengine unahitaji kibali hata kwa hii ya upepo, ulizia kwanza. Na unawe mikono kwa sabuni baadaye. Lugha yetu inaita risasi kile kinachotoka mtutuni na madini yenyewe pia, na madini hayo ni sumu.

Wiki iliyofuata nilitoa risasi kumi zilezile za aina ya kwanza, zile nilizokuwa nimezitupa kabatini kwa kuzishuku. Matundu yote kumi yalifunikwa na kofia ya chupa.

Sasa binti yangu mkubwa ameanza kulenga shabaha pamoja nami, na yeye hutumia mkono wa kushoto. Mkato uko upande usiomfaa, na kiwiko chake hakina pa kulala. Jana jioni tulimkalisha juu ya kigoda, tukaweka kibao chini ya nyayo zake, na mjomba akapima kutoka chini hadi jichoni. Ubao wa pili umeshachorwa kwa penseli, ulimi upande wa kushoto, na gundi tutapaka Jumamosi.