Siku moja na maboksi ya vitabu vya gerezani

Saa 11 alfajiri nimeamka, chai na kipande cha muhogo, daladala kutoka Igoma hadi mjini Mwanza. Kazi yangu ni kukusanya vitabu vilivyotumika, kuvikarabati na kuvipeleka gerezani. Watu huniuliza, "Wahalifu wa nini na vitabu?" Wengi ninaowahudumia ni mahabusu. Kesi zao hazijaamuliwa.

Saa 2 hadi saa 4 ni gundi, uzi na karatasi ya kaki.

Saa 4 na nusu niko getini, na siku inaliwa hapo. Askari wa zamu hii hanijui. Nakala ya kibali ninayo, anataka halisi. Halisi iko ofisini kwa mkubwa, na mkubwa yuko kikaoni. Nakaa benchi moja na akina mama waliokuja kuona watoto wao, jua la Mwanza linachoma na mawe yanaturudishia joto. Mkubwa anatoka saa 7. Unaanza upekuzi: kila kitabu kinatikiswa, kurasa zinapekuliwa, mgongo unabonyezwa. Upekuzi sina ugomvi nao, wembe hufichika popote. Ila kamusi inakataliwa kwa sababu jalada lake ni gumu.

"Afande, hii wameiomba wenyewe, wa darasa la kisomo."

"Mama, mimi nafuata maagizo."

Nikaling'oa lile jalada palepale, kwa mikono yangu. Niliumia. Lakini kamusi iliingia.

Siombi hisani. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 64 kila gereza liwe na maktaba ya wafungwa wa aina zote, yenye vitabu vya burudani na vya mafunzo.

Ndani, mfungwa anayetunza kabati ana orodha tayari: vitabu vya mtihani wa maarifa (ule wa wanaojisomea wenyewe ili waruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne), ufugaji wa samaki kwenye vizimba, hadithi. Mahabusu wanataka Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa Kiswahili. Wana haki: tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na mtu anataka kuelewa anachoshtakiwa nacho.

Natoka miguu imevimba, sijala, saa sikuangalia tena. Napita Makoroboi, hapa mjini, kuulizia miwani ya kusomea, maana wazee kule ndani wanashika kitabu lakini herufi hawazioni. Bei imenishinda. Mwenye miwani asiyoitumia, hata kama mkono mmoja umevunjika, anitafute, nitaitengeneza.